SOMO LETU: Kabla ya Kununua Shamba Kando ya Msitu



Wengi wetu hapa Eastlands tunazeekea katika nyumba zisizo zetu. Nyumba za Kaloleni, Bahati na Jericho zilikuwa za Baraza la Jiji, na tangu 2013 ziko chini ya Kaunti ya Nairobi. Tumelipa kodi miaka na miaka, watoto wamezaliwa humo, lakini karatasi ya kuonyesha kwamba ni zetu hatuna. Kwa hivyo mzee akikaribia kustaafu, swali ni lile lile: sasa tutaenda wapi?

Kwa jamaa zetu wa Magharibi, jibu moja husikika sana: tununue kipande kule karibu na msitu wa Kakamega. Mvua ipo, kuni zipo, hewa ni safi. Ni wazo zuri. Lakini tusome kwanza, ndipo tutoe pesa.

MFANO

Tuchukue mfano wa baba mmoja wa Jericho. Amefanya kazi miaka thelathini, sasa amepata penseni. Broka anamwambia kuna nusu eka upande wa Shinyalu, msitu uko palepale. Baba anapanda basi la usiku, asubuhi yuko huko. Anaona mahindi yamebeba na mto una maji. Muuzaji anamwonyesha taito. Kabla ya saa nane mchana baba amelipa nusu ya bei katika hoteli ya sokoni. Mashahidi ni broka na rafiki ya broka. Hata mkewe hajui.

Mwezi unaofuata anapeleka nguzo za ua. Anamkuta mama mjane analima pale pale. Mama anamuuliza, "Baba, wewe ni mgeni wa nani?" Kumbe taito ni ya babu aliyefariki zamani. Muuzaji ni mmoja tu wa ndugu watano. Yule mama ni mke wa ndugu aliyekufa, na hana mahali pengine pa kulima.

Hapa watu wawili wako hatarini. Baba anaweza kupoteza penseni, na mama anaweza kupoteza chakula cha watoto wake. Ndiyo maana somo hili si la kulinda pesa peke yake.

1. TUJUE MAHALI PENYEWE

Msitu wa Kakamega ndio msitu wa mvua wa kitropiki uliobaki Kenya, wa aina ile inayoonekana Kongo na Uganda. Mvua hufika karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mito Isiukhu na Yala inapita humo. Watu wanaoishi kandokando ni wengi na mashamba ni madogo, mengi hayafiki hata eka mbili. Kwa hivyo ukiambiwa kuna kipande kikubwa cha bei rahisi ambacho hakina mtu, jiulize mara mbili.

Mpaka wa msitu uliwekwa rasmi mwaka 1933. Mwaka 1985 sehemu ya kaskazini, upande wa Buyangu, ikawa hifadhi ya taifa chini ya shirika la wanyamapori. Sehemu nyingine ziko chini ya Huduma ya Misitu, KFS. Pia kuna ukanda wa majani chai wa Nyayo, ulioanzishwa 1986 ili kuzuia watu wasiingie msituni. Ukanda huo ni wa serikali. Hakuna mtu binafsi anayeweza kukuuzia.

Katiba ya 2010 inasema misitu ya serikali ni mali ya umma. Taito iliyokatwa ndani ya msitu kinyume cha sheria inaweza kufutwa, hata kama wewe ulilipa kwa moyo safi.

2. SHAMBA NI LA NANI?

Taito uliyoonyeshwa mkononi si jibu. Fuata hatua hizi:

(a) Chukua nambari ya shamba, uende ofisi ya ardhi mjini Kakamega, uombe kuangalia rekodi. Watu huita "sachi". Utaona jina la mwenyewe, ukubwa, na kama kuna deni la benki au kizuizi cha korti.

(b) Kama mwenyewe amefariki, simama hapo. Chini ya Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, ardhi ya marehemu haiuzwi mpaka korti ithibitishe warithi na wasimamizi. Kujiuzia mali ya marehemu ni kosa, na mtu anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja. Mabinti nao ni warithi, hata walioolewa.

(c) Uliza kama muuzaji ana mke au mume. Kwa sheria ya 2013, mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya wote wawili.

(d) Tembea mipaka pamoja na mpima ardhi na majirani. Ukinunua sehemu ya shamba, lazima ligawanywe rasmi na kipande chako kipewe nambari yake.

(e) Nendeni mbele ya bodi ya ardhi, ile tunayoita "lendi bodi". Maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu kuandikiana. Chini ya sheria ya 1967, mapatano ya shamba la kilimo bila idhini ya bodi ni bure.

(f) Pesa zipitie kwa wakili au benki, si mfukoni.

Katika Mwanzo sura ya 23, Abrahamu aliponunua shamba la Makpela, alinunua mbele ya watu wote langoni. Bei ilitajwa, mipaka ilitajwa, hata miti ilitajwa. Mambo ya ardhi hufanywa mchana, watu wakiona.

3. MAISHA YENYEWE

Usinunue kwa sababu ya kuni za bure. Ukitaka kuokota kuni, kuchunga au kukata chochote ndani ya msitu, lazima uwe na kibali. Kuchoma makaa humo ni kesi. Njia nzuri ni kujiunga na chama cha wananchi cha kutunza msitu. Vyama hivi vilipewa nafasi na sheria ya 2005, na ile ya 2016 ikaendelea navyo.

Nyani na tumbili hula mahindi yaliyo karibu na miti. Majani chai huwa afadhali kwa upande ule. Barabara za udongo huteleza wakati wa mvua, kwa hivyo uliza hospitali iko umbali gani. Malaria ipo, mkahamie na neti.

Broka akikwambia kuna dhahabu chini, kumbuka kwamba wazungu walikimbilia dhahabu ya Kakamega miaka ya 1930 na wenyeji wakasumbuliwa kwenye mashamba yao. Leo madini ni mali ya umma kwa Katiba. Taito yako haikupi dhahabu.

4. KAMA PESA IMESHATOKA

Usipigane na mjane. Weka stakabadhi zote, muone wakili, na mwite muuzaji mbele ya chifu na wazee wa ukoo. Idhini ya bodi ikikosekana, sheria inakuruhusu kudai pesa zako kama deni. Kama ukoo wote unakubali kuuza, wafanye urithi kwanza, na yule mama apewe sehemu yake kwa maandishi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika familia yetu, taito ya nyumbani iko kwa jina la nani? Yuko hai?
2. Ni nani analima shamba hilo leo, na je, tumemuuliza?
3. Kama tungekuwa mashahidi wa yule baba pale hotelini, tungemwambia nini?

Tunaomba kila kikundi kijibu swali la kwanza kabla ya mkutano ujao. Wazee wanaojua majibu bado wako nasi. Tuwaulize sasa.