Pandikizi la Jino kwa Mtu wa Mbeya na Iringa: Gharama, Hatua na Karatasi ya Kudai

Pandikizi la jino ni skrubu ndogo ya titani inayochomekwa ndani ya mfupa wa taya mahali palipong'olewa jino, ikaachwa ishikane na mfupa, kisha ikabebeshwa jino la bandia. Vipande vyake ni vitatu: skrubu yenyewe, kiungo kinachochomoza juu ya ufizi, na taji, ambalo wagonjwa wengi huliita kofia. Tiba hii ilianzia kwa Per-Ingvar Brånemark wa Sweden. Mwaka 1952, akichunguza mzunguko wa damu katika mifupa ya sungura, alikuta vifaa vyake vya titani vimeshikana na mfupa kiasi cha kutobanduka. Mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliwekewa mwaka 1965 na akaendelea kuyatumia mapandikizi hayo hadi alipofariki mwaka 2006. Wauzaji hupenda sana kuutaja muda huo. Wasichokitaja ni kwamba skrubu za Larsson ziliwekwa na mtu yuleyule aliyezibuni, kwa hiyo hakukuwa na siku ambayo daktari angeinama kinywani mwake na kuuliza hiki ni kitu gani.

Kwa mkazi wa Mwanjelwa mjini Mbeya au Kihesa mjini Iringa, swali hilo la daktari lina gharama kubwa kuliko anavyodhani siku ya kwanza.

Bei ya pandikizi moja katika kliniki binafsi za mijini hutajwa kwa mamilioni ya shilingi, wakati kung'oa au kuziba jino huhesabiwa kwa makumi ya elfu. Tofauti hiyo haitokani na tamaa ya daktari peke yake. Skrubu huagizwa nje na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Seti ya keekee za kutobolea mfupa ni ya chapa hiyohiyo ya skrubu, na daktari anayetumia chapa mbili hulazimika kununua seti mbili. Panahitajika picha ya eksirei inayoonyesha unene wa mfupa na mahali mshipa wa fahamu wa taya la chini unapopita. Na taji hutengenezwa maabara na mafundi sanifu wa meno, ambao ni wachache nchini. Juu ya hayo yote, mtu wa Nyanda za Juu Kusini ana barabara: zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, na takriban 500 kutoka Iringa. Tiba yenyewe haimalizwi kwa safari moja, kwa sababu mfupa huhitaji kati ya miezi 3 na 6 kushikana na skrubu kabla ya taji kuwekwa.

Hatua ya kwanza ni kujua kama pandikizi linahitajika kweli. Pengo la gego la mwisho kabisa mara nyingi halihitaji kujazwa na kitu chochote. Jino lililooza ambalo mzizi wake bado ni imara linaweza kuokolewa kwa tiba ya mzizi na kuvikwa kofia, kwa gharama ndogo kuliko kulipandikiza. Kwa mapengo kadhaa, meno ya bandia ya kuvaa na kuvua ndiyo nafuu kuliko yote. Daraja linakaa katikati kwa bei, lakini sharti lake ni kuchongwa kwa meno mawili ya jirani, na kama meno hayo ni mazima, hiyo ni hasara ambayo haiandikwi kwenye risiti.

Inafaa kukumbuka pia kwamba Tanzania ina mchango wake katika tiba nafuu ya meno duniani. Katikati ya miaka ya 1980, hapahapa nchini, ndiko ulikoasisiwa mtindo wa kuziba meno bila mashine wala umeme, kazi inayohusishwa na daktari wa meno Mholanzi Jo Frencken. Uozo hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu hujazwa saruji maalumu ya glasi inayotoa floraidi. Mtindo huo ukasambazwa baadaye na Shirika la Afya Duniani hadi nchi za mbali. Ni jambo la kushangaza kwamba watu wa vijiji vya Mufindi na Rungwe bado hungoja jino lioze hadi liwe la kung'oa, wakati dawa ya tundu dogo ilizaliwa katika nchi yao.

Pa kuanzia, kwa vyovyote, ni karibu na nyumbani. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya huhudumia mikoa ya Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Njombe, Iringa na Ruvuma, na ina idara ya kinywa na meno. Hospitali za rufaa za mikoa ya Mbeya na Iringa nazo zina kliniki za meno. Mbeya ni mmoja wa miji ambayo matabibu wa meno wamekuwa wakifundishwa, kwa hiyo si mji mkavu wa wataalamu kama wapiga debe wa kliniki za mbali wanavyotaka iaminike. Tabibu wa meno mwenye stashahada hung'oa, huziba na kuondoa ugaga. Upasuaji wa mfupa ni wa daktari wa meno, na majina ya wenye usajili huwekwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa upande wa bima, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001, hugharamia huduma za kawaida za meno. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, ulikuwa ukimfikisha mwanachama hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Pandikizi ni la mfukoni. Anayepanga bajeti ahesabu hivyo tangu mwanzo, na bima aitumie kwa yote yanayotangulia: kung'oa, kutibu fizi, kupima sukari.

Hatua ya pili ni kudai mchanganuo wa bei kwa maandishi kabla ya kukata tiketi ya basi. Hapa ndipo kisa kilichozaa makala haya kinapoingia.

Mgonjwa mmoja wa Mbeya, mtu wa makamo aliyepoteza gego la chini, aliwasiliana kwa WhatsApp na kliniki moja ya mbali iliyokuwa ikijitangaza kwa picha za watu wanaocheka. Akatajiwa bei. Ilikuwa bei nzuri, kiasi kwamba aliwaonyesha nduguze simu ile kana kwamba ni matokeo ya mtihani. Akasafiri usiku, akateremka mlima Kitonga akiwa macho, akafika kaunta akiwa amevimba miguu. Dada wa mapokezi, kwa adabu zote, akamweleza kwamba ile ilikuwa bei ya skrubu. Kiungo ni bei nyingine. Taji ni nyingine, na inategemea kama ni la chuma lililopakwa kauri au la zirkonia. Picha ya taya haimo. Kumwona daktari hakumo. Na kwa kuwa jino lilikuwa limeng'olewa zamani na mfupa umekonda, huenda pakahitajika unga wa kuongeza mfupa, nao unauzwa kwa kichupa. Mgonjwa akauliza: "Sasa dada, mtu akilipa ile bei ya kwanza tu, anaondoka na nini?" Akajibiwa kwamba anaondoka na skrubu.

Kisheria hapakuwa na uongo, na hilo ndilo linaloudhi. Biashara hii imejifunza kutangaza kipande na kuacha msomaji asome kitu kizima. Mchanganuo unaofaa hutaja kila fungu kwa jina: ushauri, picha, kung'oa kama jino bado lipo, kuongeza mfupa, skrubu na chapa yake, kifuniko cha wakati wa kupona, kiungo, taji na malighafi yake, kazi ya maabara, dawa, na marudio. Uulize pia nani anabeba gharama skrubu isiposhika, kwa sababu huwa hutokea, hasa kwa wavutaji wa sigara na wenye kisukari kisichodhibitiwa. Kliniki inayokataa kuandika haya imejibu tayari.

Mfupa unaokonda unastahili neno la ziada, maana ndio unaopandisha bei kimyakimya. Jino likitoka, mfupa uliolishika huanza kuyeyuka, na sehemu kubwa ya upotevu huo hutokea ndani ya mwaka wa kwanza. Meno ya jirani nayo huanza kulalia pengo, na la juu hushuka kulitafuta. Kwa hiyo anayejua kwamba atataka pandikizi aseme mapema, kabla ya koleo: jino ling'olewe polepole, kuta za mfupa zisivunjwe. Kungoja miaka mitano ili kudunduliza fedha kunaweza kuongeza bei kuliko kiasi kilichodundulizwa.

Sasa hatua ya tatu, ambayo vipeperushi vya kliniki huiruka: kudai lebo ya skrubu.

Kila pandikizi la kiwandani huja ndani ya kichupa kilichofungwa, kikiwa na lebo za kubandua. Juu yake pameandikwa jina la mtengenezaji, aina, kipenyo, urefu na namba ya toleo. Lebo moja ni ya faili la kliniki, nyingine ni ya mgonjwa. Sababu ni ya kiufundi kabisa. Kiungo na taji hufungwa kwa skrubu ndogo ya ndani, na kila kampuni ina tundu lake na bisibisi yake: Straumann ya Uswisi ina bisibisi yenye umbo la nyota yake yenyewe, Osstem ya Korea Kusini hutumia ya pembe sita ya milimita 1.2, na wengine wana zao. Chapa mbili zinaweza kufanana kwenye picha ya eksirei kama pacha, na bado kiungo cha moja kisiingie ndani ya nyingine. Skrubu ndogo ikilegea baada ya miaka, daktari asiyejua aina huwa hana la kufanya ila kubahatisha, na kubahatisha ndani ya tundu la upana wa punje ya mtama humaanisha kulichubua kabisa.

Mgonjwa wetu alikuwa amelijua hilo kwa jamaa yake aliyewekewa nje ya nchi akarudi bila karatasi yoyote. Kofia ya jamaa huyo ililegea, na kila daktari aliyemwona alitikisa kichwa. Basi siku ya upasuaji, mdomo umejaa ganzi, yeye akanyoosha kidole kwenye kichupa kitupu kilichokuwa kinaelekea kwenye ndoo ya taka. Nesi akamtuliza: "Kaka, hayo tunayo kwenye faili." Akaendelea kunyoosha kidole. Daktari akacheka, nesi hakucheka. Lebo ikabanduliwa, ikabandikwa kwenye kadi ya kliniki, na kabla ya kupanda basi akawa ameipiga picha na kuituma kwa mkewe, kwa binti yake, na kwa namba yake mwenyewe. Kwa muda mrefu familia ilimtania kwamba ana cheti cha kuzaliwa cha jino.

Baadaye taji lake lilipoanza kucheza, jambo ambalo halimaanishi kwamba pandikizi limeharibika, hakupanda basi. Alikwenda kwa daktari wa meno palepale Mbeya, akatoa kadi. Daktari akasoma lebo, akapiga simu kwa mwenzake, bisibisi ya aina ile ikapatikana, taji likafunguliwa, likasafishwa, likakazwa. Malipo yalikuwa madogo kuliko nauli ya kwenda Dar es Salaam. Nesi yule hakupata habari, na huo ndio upungufu pekee wa ushindi huo.

Kutokana na hilo, shauri kuhusu chapa ni rahisi. Si lazima kununua ya Ulaya iliyo ghali kuliko zote. Skrubu za Korea Kusini zimeenea na vifaa vyake si vigumu kupatikana. Ya kukimbia ni skrubu isiyo na jina, inayosifiwa kwa maneno kama "ya Kijerumani" bila lebo ya kuthibitisha. Vifaa tiba nchini husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na muuzaji wa haki haoni haya kuulizwa.

Hatua ya nne ni kugawa kazi kati ya mji wa mbali na nyumbani. Kuondoa ugaga, kung'oa mabaki ya mizizi, kupima sukari na shinikizo la damu, na kutoa nyuzi baada ya siku 7 hadi 10, yote hufanyika Iringa au Mbeya kwa daktari aliyepewa barua na mwenzake. Safari za mbali hubaki kwa ajili ya kuchomeka skrubu na kuweka taji. Baada ya upasuaji ni busara kulala kabla ya safari: uvimbe hupanda hadi siku ya pili au ya tatu, na kona za Kitonga hazina huruma na taya. Ulanzi na sigara vingoje. Makande yaliyolainika, uji na ndizi za kupondwa vinatosha kwa wiki ya kwanza.

Pandikizi halitoboki kama jino, lakini ufizi na mfupa unaolizunguka huugua uchafu ukiachwa ujikusanye shingoni mwake, na hapo mfupa huliwa bila maumivu ya kumshtua mwenyewe. Mswaki mdogo wa kupenya katikati ya meno hutumika kila siku, na kliniki ya meno ya karibu hulitazama angalau mara moja kwa mwaka, kwa picha ya eksirei inapohitajika. Mwenye kadi huibeba kila anapokwenda.