Maziwa ya Mama Yanatosha

Akina bibi wanaokuja wodini kuwaona wajukuu hutuuliza mara kwa mara: "Mtoto hajapewa hata maji, hatakauka koo?" Swali hilo linatokana na upendo, nasi tunalijibu kwa heshima.

Maziwa ya mama ni chakula na maji pamoja. Katika kila sehemu 100 za maziwa hayo, karibu 88 ni maji. Mtoto anayenyonya kila anapotaka hana kiu, hata wakati wa jua kali. Lakini tumbo lake ni dogo. Akijazwa maji hunyonya kidogo, na titi lisiponyonywa hupunguza maziwa. Ndipo mama hulalamika kwamba hana maziwa. Tena maji na chupa huleta vijidudu vya kuharisha. Watoto wa namna hiyo tunawapokea macho yamebonyea, na wengine hufikishwa kwetu wamechelewa.

Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi 6, bila maji wala uji, isipokuwa dawa alizoandikiwa. Baadaye aanzishiwe vyakula vingine, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

Mambo ya kukumbuka:

1. Mtoto anyonyeshwe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Dang'a, yale maziwa mazito ya manjano, yasimwagwe. Ni kinga yake ya kwanza.

2. Mama naye hufaidika. Mtoto anaponyonya, kizazi hujikaza na damu hupungua. Kunyonyesha hupunguza pia hatari ya saratani ya matiti.

3. Mama ambaye mtoto wake hajafikisha miezi 6, hajaona siku zake, na ananyonyesha maziwa tu usiku na mchana, ni nadra kushika mimba. Sharti moja likikosekana, kinga hiyo haipo tena.

4. Mama mwenye virusi vya UKIMWI asiache kunyonyesha kwa woga. Ameze dawa zake kila siku na afuate ushauri wa kliniki.

Akina baba, mpunguzieni mama kazi ya kuni na maji, apate kula na kupumzika. Nanyi akina bibi, kikombe hicho cha maji msikirudishe jikoni: mpeni mama anywe, naye atamnyonyesha mjukuu wenu.