Ukarabati wa Samani Nyumbani kwa Gharama Ndogo

Mkazi wa Temeke anayehitaji kiti kipya huenda Keko, kwenye karakana za samani. Kabla ya safari hiyo, inafaa kile cha zamani kipinduliwe miguu juu na kuchunguzwa. Iwapo fremu ni ya mninga au mkongo na mbao haijaoza, mara nyingi kilicholegea ni viungo tu.

Kosa la kawaida ni kugongelea msumari. Msumari huipasua mbao, na kwa unyevu wenye chumvi wa mwambao hushika kutu mapema. Kiti huyumba tena, safari hii kikiwa na ufa. Njia sahihi ni kukitenganisha kiungo. Mguu huchomolewa kwa kugongwa taratibu kwa nyundo iliyofungwa kitambaa. Gundi ya zamani hukwanguliwa hadi mbao safi ionekane, kwani gundi mpya haishiki vema juu ya ile kuukuu. Ulimi uliopungua unene hubandikwa kibanzi chembamba cha mbao ili ujae tunduni. Kisha hupakwa gundi ya mbao, hurudishwa mahali pake, na miguu yote huzungushiwa kamba au mpira wa baiskeli na kukazwa. Kiti kiachwe usiku kucha. Anayekikalia baada ya saa moja atairudia kazi yote, na huenda akaanguka.

Matundu madogo hujazwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Chaga moja ikivunjika, hubadilishwa hiyo moja tu.

Vijia vya udongo miguuni mwa kabati ni dalili ya mchwa. Kabati hilo litolewe nje mara moja, kwa kuwa mchwa hawaishii hapo: hupanda hadi kwenye fremu za milango na kenchi za paa. Oili chafu, ambayo wengi huipaka nguzo za uzio, haifai kabisa kwa kitanda cha mtoto.

Vanishi hupakwa baada ya msasa kupitishwa kwa kufuata nyuzi za mbao. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na jiko la mkaa, kwani mvuke wa thina hushika moto upesi. Wakati wa masika isubiriwe siku ya jua.

Mabaki yaliyopakwa rangi au vanishi yasitumike kuwa kuni za kupikia kutokana na moshi wake, wala yasitupwe mtaroni, yakaziba njia ya maji ya mvua.