Kano imechanika yote: je, mkono umekwisha?

SWALI: Daktari, ninalima mihogo hapa Kalembe na kubeba mizigo. Bega la kulia linaniuma miezi mingi, hasa usiku, ingawa sikuanguka. Ekografia ya Goma ilionyesha kano imechanika yote. Jirani yangu ana mchaniko mdogo, lakini anaumia kunishinda. Nitapoteza mkono?

JIBU: Pole sana, mama. Hapana, picha hiyo peke yake haisemi hivyo.

Kano nne hushika kichwa cha mfupa wa mkono ndani ya bega. Ungedhani mchaniko mkubwa huleta maumivu makubwa. Madaktari wa kundi la MOON huko Marekani walilichunguza jambo hili kwa wagonjwa 393 waliochanika kano bila ajali, na mwaka 2014 wakatangaza kwamba ukubwa wa mchaniko haukuendana na maumivu. Wako watu wengi, hasa wazee, wenye kano zilizochanika na hawana habari. Nguvu ya kuinua mkono ni jambo jingine: mchaniko mkubwa sana unaweza kuipunguza.

Kwa hiyo usikimbilie upasuaji. Kundi hilohilo liliwapa wagonjwa wa namna yako mazoezi. Baada ya miaka 2, chini ya robo walikuwa wamepasuliwa. Mwombe mtaalamu wa viungo akufundishe, kisha uyafanye kila siku kwa wiki 12 hivi. Kwa sasa punguza mizigo na kazi za mkono juu ya kichwa.

Lakini ukianguka na ghafla mkono ukakataa kuinuka, usingoje: nenda hospitali siku zilezile.