Cheti cha Barabara Kisicho na Karatasi

Barabara ya lami itokayo Mbinga hadi Mbamba Bay ina urefu wa kilomita 66. Huanza katika milima ya Umatengo yenye mashamba ya kahawa, kisha huteremka kwa kona nyingi hadi ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Dereva aipitaye haoni kizuizi wala karani wa kupokea fedha. Ng'ambo ya ziwa iko bandari ya Nkhata Bay, nchini Malawi. Dereva huyo akitaka kufika nchi hiyo kwa njia ya nchi kavu, hana budi kuzunguka kwa Songea, Njombe, Mbeya na mpaka wa Kasumulu. Akipita Lilongwe kuelekea Blantyre atakuta vituo vya kulipia barabara, kile cha Kalinyeke na kile cha Chingeni kilichoanza kutoza mwaka 2021. Hapo husimama, hulipa, na kizuizi huinuliwa.

Ziko nchi nyingine ambako hakuna kizuizi wala karani, na hata hivyo dereva asiyelipa hujulikana. Katika nchi hizo mgeni hununua cheti kabla ya safari, aghalabu kwa simu, wala hapewi karatasi ya kubandika kiooni. Cheti chenyewe ni namba ya gari lake. Makala haya yanaeleza jinsi cheti cha namna hiyo kinavyofanya kazi, mahali kinapoweza kukosea, na kwa nini kosa la herufi moja laweza kumgharimu mwananchi fedha nyingi.

Mambo matatu ya kila cheti

Cheti chochote cha barabara, kiwe cha karatasi au cha kompyuta, husema mambo matatu: ni gari gani, ni njia gani, na ni kwa muda gani. Jambo moja likikosekana au likiandikwa vibaya, cheti hakifai kitu. Tofauti kati ya aina moja ya cheti na nyingine ni mahali tu mambo hayo matatu yanapohifadhiwa.

Stika ya kiooni huyahifadhi juu ya gari lenyewe. Rangi yake na tarehe yake huonyesha muda, nchi iliyoitoa huonyesha njia, na gari ni lile lililobandikwa. Uswisi ilianza kutumia stika za namna hii mwaka 1985. Tarehe 1 Agosti 2023 nchi hiyo iliruhusu pia cheti cha kompyuta kwa bei ile ile ya faranga 40. Bei hiyo ni ya mwaka mzima, na mgeni apitaye siku moja hulipa sawa na mwenyeji apitaye kila siku. Huo ni mfano wa kipimo kinachojua muda lakini hakijui urefu wa safari.

Barabara ya juu ya Nairobi, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022 na hutumia kipimo kingine. Mtambo hukumbuka mahali gari lilipoingia na mahali lilipotokea, na malipo hulingana na sehemu hizo mbili. Hapo njia yajulikana barabara, na muda hauna uzito.

Ushuru uliofichwa ndani ya mafuta

Mtu wa Mbinga aweza kudhani kwamba yeye hasafiri kwa cheti chochote. Sivyo. Katika kila lita ya petroli au dizeli inayouzwa Tanzania umo ushuru wa barabara, nao hupelekwa kwenye Mfuko wa Barabara uliowekwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 1998. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, na badala yake ikaongeza ushuru wa bidhaa kwa shilingi 40 katika kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Kwa hatua hiyo kipande cha karatasi kilichokuwa kiooni kiliingia ndani ya tangi.

Njia hii ina sifa kubwa. Haihitaji kamera, karani wala mtandao wa simu. Atembeaye sana hununua mafuta mengi, basi hulipa zaidi. Lakini kwa yale mambo matatu, mafuta yajua kidogo sana. Hayajui kama yamechomwa barabarani au ziwani. Mvuvi wa Liuli anayejaza petroli katika mashine ya boti yake hulipa ushuru wa barabara ambayo boti haitaikanyaga kamwe. Mwenye mashine ya kusaga iendeshwayo kwa dizeli hulipa vivyo hivyo. Kinyume chake, gari linalotumia umeme hupita bure.

Mafuta hayamjui mgeni pia. Chukuliwe lori lenye tangi la lita 600, linalokwenda kilomita 2 kwa lita moja. Tangi likijaa, lori hilo laweza kwenda kilomita 1,200. Kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni chini ya kilomita 1,000. Lori la kigeni lililojazwa ng'ambo ya mpaka laweza basi kuikata nchi nzima bila kununua hata lita moja ndani yake. Ndiyo sababu magari ya kigeni hutozwa ada mpakani: ada hiyo hukamata kile ambacho pampu haiwezi kukikamata.

Jinsi mashine inavyolitambua gari

Ili gari litozwe bila kusimama, ni lazima litambuliwe likiwa mwendoni. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde. Ikiwa kamera inaiona sehemu ya barabara yenye urefu wa mita 11, mtambo una nusu sekunde tu ya kufanya kazi yake. Kwa hiyo zimebuniwa njia mbili.

Ya kwanza ni kifaa kidogo cha redio kinachobandikwa kiooni. Vingi vya vifaa hivi havina betri. Antena iliyo juu ya barabara hutoa mawimbi ya redio. Kifaa hupokea nguvu ya mawimbi hayo, huamka, kisha hurudisha namba yake. Kazi hiyo yafanana na ya mtu aliye gizani anayeonekana kwa sababu tu amemulikwa na taa ya mwingine.

Ya pili ni kusoma namba ya gari kwa kamera. Uchunguzi wa njia hii ulianza Uingereza mwaka 1976. Kamera hutoa mwanga usioonekana kwa macho, ulio chini ya rangi nyekundu. Kibao cha namba kimepakwa tabaka linalorudisha mwanga kule kule ulikotoka, kwa hiyo kibao hung'aa mbele ya kamera hata usiku, na herufi hubaki nyeusi. Kompyuta hukata picha herufi kwa herufi, hulinganisha kila umbo na maumbo inayoyajua, kisha hutafuta namba iliyopatikana katika daftari la walio lipa. Ikiwamo, na siku haijapita, gari huachwa liende. Isipokuwamo, picha huhifadhiwa na deni huandikwa.

Yafaa izingatiwe kwamba mtambo haumwoni dereva wala haujui nia yake. Huona alama tu. Lori lililotoka mashambani wakati wa masika, kibao kikiwa kimefunikwa tope jekundu, ni gari lisilo na jina mbele ya mashine.

Kosa la herufi moja

Namba za magari ya Tanzania zina herufi T, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Tarakimu tatu zaweza kupangwa kwa njia 1,000. Herufi tatu, zikitumika zote 26, zaweza kupangwa kwa njia 26 × 26 × 26, yaani 17,576. Jumla ni namba 17,576,000.

Chukuliwe sasa namba ya kubuni, T 180 OBI. Mnunuzi wa cheti akikosea alama moja tu, aweza kuandika namba nyingine ngapi? Kila tarakimu yaweza kugeuka kuwa mojawapo ya tarakimu 9 nyingine. Kwa tarakimu tatu ni 27. Kila herufi yaweza kugeuka kuwa mojawapo ya herufi 25 nyingine. Kwa herufi tatu ni 75. Jumla ni namba 102. Kila moja kati ya hizo 102 ina umbo la namba halali, na yaweza kuwa ya gari la mtu mwingine.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu anayetuma fedha kwa simu huonyeshwa jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, na kosa huonekana mapema. Namba ya gari haina ulinzi wa namna hiyo. Daftari la nchi ya kigeni halijui mwenye gari ni nani, hivyo hupokea namba yoyote iliyoandikwa na fedha iliyoambatana nayo. Aliyekosea amemlipia mtu asiyemjua, na yeye mwenyewe yumo barabarani bila cheti. Risiti anayo mkononi, lakini mashine haisomi risiti.

Umbo la namba laweza kusaidia kidogo. Katika namba ya Tanzania, alama ya mviringo iliyo katika nafasi tatu za kwanza baada ya T ni sufuri, na iliyo katika nafasi tatu za mwisho ni herufi O. Kompyuta iliyoelezwa kwamba gari ni la Tanzania yaweza kutumia kanuni hiyo. Isiyoelezwa haiwezi, kwa kuwa Kenya hupanga namba zake kwa njia nyingine: herufi tatu, tarakimu tatu, kisha herufi moja. Kwa sababu hiyo mnunuzi hutakiwa kuchagua kwanza nchi gari lilikoandikishwa. Swali hilo si la adabu tu. Nchi ni sehemu ya namba.

Mashine nayo hukosea. Ikiwa husoma kila alama kwa usahihi mara 99 katika 100, uwezekano wa kusoma alama zote sita bila kosa ni 0.99 × 0.99 × 0.99 × 0.99 × 0.99 × 0.99, yaani 0.94. Katika magari 100, magari 6 hivi yatasomwa vibaya. Usahihi ukiongezwa hadi 999 katika 1,000, yatakayokosewa ni 6 katika magari 1,000. Mfano huu waonyesha kwa nini picha zenye shaka hazina budi kukaguliwa na binadamu.

Mambo ya kuzingatia kabla ya safari

Anayekusudia kuendesha gari ugenini na aulize kwanza kama njia yake hutozwa kwa kizuizi, kwa kifaa cha redio au kwa namba. Pili, anunue cheti kwa mamlaka ya barabara ya nchi husika au kwa wakala iliyemtaja, kwa maana wapo wanaojifanya wauzaji na kuongeza bei, au kupokea fedha bila kuandika lolote daftarini. Tatu, namba inakiliwe kutoka kwenye kadi ya gari, si kwa kukumbuka, na mtu wa pili aisome kwa sauti. Nne, tarehe ya kuanza na aina ya gari vilinganishwe na safari yenyewe. Cheti cha gari dogo hakifai kwa lori. Tano, bima ya safari za nje, kama ile kadi ya njano inayotambuliwa Malawi na Tanzania, isichukuliwe kuwa ni malipo ya barabara. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Kipimo na haki

Kwa nini aina ya gari ina uzito mkubwa hivyo? Majaribio yaliyofanywa karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ikipakiwa hadi tani 12, uzito umeongezeka kwa sehemu moja ya tano tu. Lakini 1.2 × 1.2 × 1.2 × 1.2 ni 2.07, uharibifu umezidi mara mbili. Katika wilaya inayosafirisha kahawa na makaa ya mawe ya Ngaka, hesabu hii si ya darasani peke yake.

Mashine iliyo sahihi haitoshi kuleta malipo. Katika jimbo la Gauteng, Afrika Kusini, mitambo ya kusoma magari juu ya barabara kuu ilianza kutoza tarehe 3 Desemba 2013. Wenye magari wengi waliona kwamba wanatozwa isivyo haki, wakakataa kulipa, na mnamo Aprili 2024 utozaji ulisimamishwa. Mitambo iliweza kujibu ni gari gani limepita, lakini haikuweza kujibu swali la nani anastahili kulipa. Swali hilo ndilo la mvuvi wa Liuli pia, nalo hujibiwa na wananchi na sheria zao.

Jaribio na maswali

Jaribio. Usiku, mwanafunzi asimame hatua 20 kutoka kwenye gari lililoegeshwa mahali salama. Ashike tochi karibu na jicho, aelekeze kwenye kibao cha namba. Kisha mwenzake asimame hatua kadhaa kando yake na kuimulika namba kwa tochi hiyo hiyo, naye wa kwanza atazame tena. Ni wakati gani kibao king'aavyo zaidi, na kwa nini?

1. Lori lina tangi la lita 500 na huenda kilomita 2.5 kwa lita. Laweza kwenda umbali gani bila kununua mafuta?

2. Ekseli ya tani 10 imepakiwa tani 11. Uharibifu umeongezeka mara ngapi?

3. Namba ina alama saba, na mashine husoma kila alama kwa usahihi wa 0.98. Katika magari 1,000, mangapi yatasomwa bila kosa?

4. Darasa lijadili: ikiwa barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay ingetozwa, ni kipimo gani kingekuwa cha haki kwa lori la kahawa, basi la abiria, pikipiki na mvuvi anayenunua petroli ya boti? Kila kundi lieleze kipimo chake chajua lipi kati ya mambo matatu, na nani angelipishwa isivyostahili.

Majibu: (1) kilomita 1,250, (2) mara 1.46, (3) magari 868 hivi.