KUCHAGUA PROGRAMU ZA KISHIKWAMBI CHA MWANAFUNZI

Wahenga walitukanya tusinunue mbuzi kwenye gunia. Siku hizi mbuzi huyo ni programu, na gunia ni ile picha ndogo ya rangi rangi inayotuita tuiguse. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi ya kufungua gunia kwanza.

Tuanze na maana. Kishikwambi ni tarakilishi ndogo iliyo bapa, kubwa kuliko simu, inayoendeshwa kwa kugusa kioo. Wengi tunaiita tu tableti. Programu ni mpango wa maagizo unaokiambia kifaa kifanye nini. Kishikwambi bila programu ni kama jiko bila sufuria: moto upo, lakini hupiki kitu. Vingi vya bei nafuu madukani kwetu hutumia mfumo wa Android, na ndio nitakaouzungumzia hapa.

Kanuni ya kwanza ni hii: anza na kazi, usianze na programu. Chukua karatasi uandike unachotaka kufanya. Yangu ilikuwa na mambo matano: kusoma vitabu, kuandika insha, kuchora grafu za hisabati, kukariri msamiati na kutafuta maarifa. Kwa kila jambo nikatafuta programu moja tu. Kisha kila programu huulizwa maswali manne kabla haijaingia.

1. Je, inafanya kazi bila mtandao? Sisi wa shule ya kutwa husoma jioni nyumbani, na bando si maji ya mvua. Programu inayokataa kufunguka mpaka ipate mtandao itakuacha siku ile unayoihitaji. Njia ya kuijaribu ni rahisi. Zima data, kisha uifungue. Ikigoma, jua kwamba kila ukurasa utakaousoma utaulipia.

2. Je, itakula nafasi kiasi gani? Hebu tupige hesabu. Tuseme kishikwambi chako kina gigabaiti 32 na mfumo wenyewe umekwisha kula 14. Zimebaki 18, yaani kama megabaiti 18,000. Ikiwa video ya somo ya saa moja ni megabaiti 500, nafasi hiyo itajazwa na video 36. Ikiwa kitabu ni megabaiti 5, utaweka vitabu 3,600! Si kwamba video ni mbaya, la. Lakini mwenye nafasi ndogo afikiri mara mbili, na ile aliyokwisha kuielewa aifute.

3. Je, kazi yangu naweza kuitoa? Swali hili ndilo kubwa, na ndilo tunalolisahau. Binamu yangu aliandika muhtasari wa Historia wa mihula miwili katika programu fulani iliyosemekana ni ya bure. Kumbe bure ile ilikuwa ya kuonjesha tu. Wiki chache kabla ya mtihani wa mwigo, programu ikadai pesa. Pesa hazikuwapo, na maandishi yakabaki yamefungiwa ndani, hayasomeki wala hayanakiliki. Ilimbidi aanze upya kwa kalamu, usiku kwa usiku. Kwa hiyo, siku ya kwanza kabisa andika mistari miwili, uihifadhi kama faili ya kawaida, kisha ujaribu kuifungua kwa programu nyingine. Aina ya faili iitwayo PDF inafaa sana kwa kusoma. Ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka wa 1993, na mwaka wa 2008 ikawa kiwango cha kimataifa, hivyo husomwa na programu nyingi sana. Nakala nyingine iweke kwenye kadi ya kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Je, inataka ruhusa gani? Kamusi ina haja gani na majina ya watu walio kwenye simu yako? Kikokotoo kinataka kujua unakoishi ili iweje? Ukiona ombi lisilolingana na kazi, kataa, na programu ikisusa, iondoe. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka wa 2019, nayo inataka mzazi au mlezi akubali kabla habari za mtoto hazijachukuliwa na kutumiwa. Sisi wa chini ya miaka 18 tumo humo. Basi usibonyeze "nakubali" ovyo ovyo, ati kwa sababu una haraka.

Sasa niwaonyeshe nilizochagua mimi. Zote hazilipiwi na zinaweza kutumika bila mtandao. Kwa insha natumia Collabora Office, iliyojengwa juu ya LibreOffice. Hufungua hata faili za Word. Kwa hisabati nina GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka wa 2001. Ukiandika mlinganyo, grafu inajichora, na ukibadilisha nambari moja unaona mstari ukisogea. Kwa msamiati nina AnkiDroid. Ni kama kadi: upande mmoja neno, upande wa pili maana. Neno unalolijua hukaa siku nyingi kabla ya kurudi, na lile linalokusumbua hurudi upesi. Ngeli zimeniingia kwa njia hiyo. Kwa maarifa nina Kiwix, inayokuwezesha kupakua kamusi elezo ya Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili iliyoanza mwaka wa 2003, ukaisoma baadaye bila bando. Ipakue mara moja penye mtandao wa bure, kisha utulie. Lakini kumbuka kwamba Wikipedia huandikwa na watu wengi. Linganisha na kitabu cha darasani.

Kuna watakaosema, "Wee, mbona hujataja michezo?" Mchezo mmoja si dhambi. Ila michezo mingi ya bure hujilipa kwa matangazo, na matangazo hula data, chaji na muda wa kusoma. Anayelipa ni wewe.

Ndugu msomaji, mzazi aliyekununulia kishikwambi amejinyima mengine. Tusikigeuze kuwa kabati la takataka. Ninawaachia zoezi: leo jioni hesabu programu zako zote, na kila moja uiulize maswali yale manne. Itakayoshindwa mawili, iage. Kisha njoo tuhesabiane kwenye mkutano ujao wa chama, tuone nani amebaki na chache zenye kazi. Chache zikitosha, nyingi za nini?