DAKTARI WA NGOZI NA KADI YA BIMA: TUANZIE WAPI?

Mwenye vidonda au mabaka yasiyopona hutaabika hata katika udhu. Sheria imempa nafuu ya kutayamamu pale maji yanapomdhuru, lakini nafuu hiyo si ruhusa ya kukaa na maradhi ndani. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu.

Kwetu Kagondo, iwe ya Bukoba Mjini au ya Muleba, swali huwa: daktari wa ngozi yuko wapi, na kadi yangu itapokelewa? Wengi hupanda basi moja kwa moja hadi Mwanza. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, hufuata ngazi. Anza zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali kama Kagondo, Rubya au Ndolage, halafu Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, na ikibidi Bugando. Ukiruka ngazi bila barua ya rufaa, huenda ukajilipia mwenyewe. (Hizo tatu za Muleba kuwa za makanisa kusimzuie Muislamu, tiba ni tiba.)

Kabla ya kutoa nauli, uliza: kliniki ya ngozi ni siku gani? Kadi ya mfuko wangu inapokelewa katika kliniki hiyohiyo? Na usishangae ukihudumiwa na asiye daktari bingwa. Chuo cha ngozi kilichopo KCMC Moshi tangu 1992 kimesomesha fani hiyo hata matabibu wa kawaida, na wanaijua kazi.

Kadi ni amana. Kumwazima jirani ni khiyana, tena maradhi yake yataandikwa kwa jina lako.

Ukiwa unasubiri, usijipakie krimu za dukani zenye betamethasone. Muwasho hutulia siku chache huku fangasi wakizidi kuenea, na daktari akikuona hautambui tena ugonjwa.

Sasa lililo zito. Baka likiwa limepauka au lina wekundu, mfumbe mgonjwa macho, umguse hapo kwa ncha ya pamba. Asiposikia, shuku ukoma. Hapo usingoje bingwa wala bima; nenda kituo cha afya kilicho karibu. Dawa ni bure nchini kote, hunywewa miezi 6 au 12 kulingana na aina, na mgonjwa huacha kuambukiza muda mfupi baada ya kuzianza. Anayechelewa hupata ulemavu wa mikono, miguu na macho. Wanaoishi naye, watoto hasa, nao wakaguliwe ngozi siku hiyohiyo.